Bati la Dirishani

Mtaani walimwita Sindano. Si kwa ubaya. Alikuwa mwembamba, na kazi yake ilikuwa kushona. Sasa tumbo lake lilikuwa limechomoza, mimba ya miezi sita, na majirani walimtania kwamba sindano imepata fundo. Alicheka nao. Lakini moyoni aliogopa sana. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imetoka, na hii ya pili aliilinda usiku na mchana.

Chumba chake cha kushonea ndimo walimokuwa wakilala. Upande huu kitanda, upande ule cherehani, katikati meza ya kupigia pasi. Mumewe, ambaye ni fundi rangi, alikuwa amezipaka kuta zote rangi ya samawati. Taa iliwaka mchana kutwa, kwa sababu dirisha lilikuwa limezibwa.

Sindano aliketi humo na kushona sare za shule. Asubuhi ikianza, kichwa chepesi. Jua likipanda, mambo yakabadilika taratibu. Sakafu ilipanda na kushuka. Sare zilizotundikwa ukutani zilisogea zenyewe, mikono ikapunga, kana kwamba watoto wamo ndani na wanataka kwenda kucheza. Sindano alizitazama wala hakushtuka. Macho yalikuwa mazito. Aliinamisha kichwa juu ya cherehani, akaota yuko chini ya maji ya samawati, anashona maji kwa maji, na uzi hauishi. Ulikuwa usingizi mtamu. Lakini usingizi gani huo wa asubuhi kweupe, jamani?

Akiamka, kichwa kinamgonga na tumbo linamchafuka.

"Ni ule mnara tu," mumewe alisema. "Mnara unatumalizia mtoto."

Mnara wenyewe ulikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya paa la mwoka mikate. Ni mnara wa simu. Siku ulipokwisha kujengwa, Sindano alikwenda kuutazama. Kwenye ngazi yake palikuwa na kibao. Alikisoma mwenyewe, herufi kwa herufi: HATARI. MAWIMBI YA REDIO.

"Hiyo ndiyo mionzi," mteja mmoja alimwambia.

Mionzi! Neno hilo Sindano alilijua. Alilisoma hospitali, kwenye mlango wa chumba cha kupigia picha za mifupa, pale wajawazito wanapotakiwa kujitaja kabla ya kuingia. Alirudi nyumbani, akamsimulia mumewe.

Mumewe hakulaza damu. Alileta bati, akalipigilia misumari dirishani. Nyufa akazijaza vipande vya vitambaa. Kisha akaugeukia umeme. Si umeme nao una mionzi? Akaifungua mota ya cherehani, mkewe akaanza kukanyaga kwa miguu iliyovimba. Pasi ya umeme ikafichwa chini ya kitanda, ikatafutwa pasi ya mkaa. Simu tu ndiyo iliyosalimika. Sindano alilala nayo chini ya mto, kwa sababu wateja hupiga alfajiri. Binadamu bwana!

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumuuma. Mume akaongeza bati la pili juu ya la kwanza. Kichwa kikazidi. Ndipo mume alipokwenda ofisi inayosimamia mawasiliano, akagonga meza.

"Ng'oeni mnara wenu! Mke wangu ni mama kijacho, na anakwisha!"

Hawakumfukuza. Walimwambia kwamba kwanza watapima.

Mpimaji alikuja asubuhi moja. Alikuwa mama mnene, mwenye viatu vya raba na kicheko cha karibu. Mkononi alishika kifaa cha mpini wa njano, chenye kichwa cha mviringo kama chungwa.

"Hodi humu! Mbona giza, mdogo wangu? Mnafuga popo?"

"Karibu dada," Sindano alijibu, akicheka bila nguvu. "Tumeziba mionzi."

"Haya, tuitafute basi."

Walianzia nje, mume akimfuata mpimaji nyuma kama askari. Mpimaji aliinua kifaa mbele ya mlango, kisha katikati ya barabara, kisha chini ya mnara kabisa. Kila mahali alisubiri kidogo, akasoma namba.

"Kuna kiwango ambacho wataalamu wa afya wameweka kisivukwe," alisema. "Hapa hatujafika hata sehemu moja ya mia ya kiwango hicho."

"Na kile kibao cha hatari?" Sindano aliuliza.

"Kile ni cha fundi anayepanda juu. Mbele ya antena, karibu kabisa, mawimbi ni makali na yanaweza kuupasha mwili joto. Wewe unapiga pasi. Ukiigusa, unaungua. Ukikaa upande wa pili wa barabara, je?"

"Hata joto silisikii."

"Ndivyo na mawimbi. Ukisogea mbali, nguvu inashuka haraka."

"Lakini ni mionzi," mume alisisitiza. "Hospitali wameandika mlangoni."

"Neno ni moja, shemeji, mambo ni mawili. Mionzi ya kupiga picha ya mifupa ina nguvu ya kuharibu chembe za mwili, ndiyo maana mjamzito anaulizwa kwanza. Ya simu na redio haina nguvu hiyo. Hata mwanga wa jua ni mionzi, na leo umeuanikia nguo."

Mume alikuna kichwa. Wakaingia ndani. Mpimaji alichukua kifaa kingine, cha kupima nyaya na mashine za umeme. Aliomba mota ya cherehani irudishwe na kuwashwa. Karibu na mota namba ilipanda. Akarudi nyuma urefu wa mkono, ikashuka karibu yote.

"Hata ile ya karibu iko chini ya kiwango," alisema. "Shona kwa mota, uipumzishe miguu. Sasa piga simu."

Sindano alipiga. Kile kifaa cha kwanza kikaonyesha namba kubwa kuliko zote za siku ile.

"Umeona? Simu inautafuta mnara, na nyinyi mmeweka bati katikati. Inabidi ipige kelele zaidi ili isikike. Bado iko ndani ya kiwango. Lakini kama mnataka mawimbi yapungue, bati hili linayaongeza. Tumia spika, na simu usiilalie."

Mume aliketi kitandani. Mabati mawili, misumari yote ile, kumbe kazi bure!

"Basi kichwa changu kinaumwa nini, dada?" Sindano aliuliza. Machozi yalimlenga. "Nisije nikampoteza na huyu."

Mpimaji alipangusa jasho. Hata yeye kichwa kilikuwa kimeanza kumwelemea.

"Kinakuuma wapi zaidi? Nyumbani au ukitoka?"

"Hapa ndani. Nikienda kununua mkate huwa nakaa kwenye benchi pale, kinapoa kabisa."

"Benchi lipi?"

"La mwoka mikate. Chini ya..."

Sindano alitazama mlangoni, upande wa mnara. Aliyasikia maneno yake mwenyewe.

"Chini ya mnara," alimalizia polepole. "Mnara uko nje, na nje siumwi. Humu ndani kuna nini?"

Wote watatu waligeuka. Mezani pasi ya mkaa ilikuwa imetulia, matundu yake mekundu yakiwatazama.

"Tokeni nje," mpimaji alisema. "Sasa hivi."

Alimshika Sindano mkono hadi barabarani. Pale kwenye upepo ndipo alipoeleza. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Penye dirisha wazi inapungua, penye nyufa zilizozibwa inajaa. Humlegeza mtu, ikamlaza, na inaweza kumuua kimya kimya. Mtoto tumboni huumia zaidi, kwa kuwa hewa yake inatoka kwa mama.

"Vifaa vyangu haviipimi hewa hiyo," alisema. "Na mimi si daktari. Nendeni kliniki leo, msingoje kesho."

Mume alijishika kichwa. "Misumari niliipiga mimi," alisema. "Kwa mkono wangu."

"Uliipiga kwa mapenzi, shemeji. Haya, twende."

Kliniki muuguzi aliwasikiliza, akampa Sindano hewa ya oksijeni kwa mpira wa puani, daktari akamwangalia. Kisha muuguzi akaweka kifaa kidogo tumboni. Kifaa kilikoroma. Muuguzi alikisogeza, akakisogeza tena. Sindano alibana pumzi. Chumba kilikuwa cheupe, kila kitu kimesimama mahali pake, na safari hii hakuwa ndotoni.

Halafu wakasikia. Tu-tu-tu-tu, mbiombio.

"Huyo hapo," muuguzi alisema. "Moyo unakwenda vizuri. Mtakuja tena wiki ijayo, tuhakikishe. Na mkaa usiwashwe tena ndani, mnasikia?"

Fundi rangi alilia mbele za watu, wala hakujali.

Jioni ile aling'oa mabati yote mawili. Upepo uliingia, sare zikapepea ukutani, safari hii kwa upepo kweli. Pasi ya umeme ilirudi mezani. Ya mkaa ilitolewa nje moja kwa moja. Sindano alilala dirisha likiwa wazi, akaamka kichwa chepesi, njaa inamuuma. Kila fundi cherehani aliyepita alimsimulia. Wengine wawili walikuwa wanapiga pasi ya mkaa milango ikiwa imefungwa, wakahamishia meza uani.

Mtoto alizaliwa siku zake zilipotimia, msichana mzito. Na sauti aliyokuwa nayo, mama yangu wee! Usiku wa kwanza nyumbani alilia mpaka mwoka mikate akatoka ng'ambo ya barabara, unga mikononi.

"Jamani, majirani!" alipaza sauti. "Hongereni sana, lakini fungeni hilo dirisha!"

Sindano alimwinua binti yake, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Halifungwi!" alijibu. "Mwache apumue!"