Seremala Aliyeacha Vidonge

Mume wangu ni seremala, na kwa ubishi hana mpinzani. Mwaka ule alianza kuchoka kabla hajamaliza kupiga randa ubao mmoja. Alikonda. Usiku alilowa jasho, na tumbo likamvimba upande wa kushoto. Akasema ni kazi tu. Nikamburuta hospitali.

Vipimo vilionyesha saratani ya damu. Nililia, sifichi. Daktari akatueleza kwamba zamani wagonjwa wengi wa aina ile hawakufika mbali. Siku hizi kuna kidonge kinachozuia amri mbovu ndani ya seli za saratani, ile inayozifanya zizaliane ovyo. Si kila saratani ya damu ina kidonge kama hicho, alisema, lakini ya mume wangu inacho.

Baada ya miezi michache tumbo lilinywea na nguvu zikarudi. Basi fundi wangu akaacha vidonge kimyakimya. Vipimo vilivyofuata vikamuumbua: ugonjwa ulikuwa unapanda tena. Muuguzi akamuuliza kwa nini ameacha.

"Gundi ikishakauka, jiliwa lililobana mbao hufunguliwa," akajibu, kifua mbele. "Nimepona. Vidonge vya nini tena?"

Muuguzi hakumcheka. "Baba, wewe unajisikia mzima, lakini kipimo kinaona seli zilizobaki. Kidonge ndicho kinachozishika. Ukikiacha, zinaanza upya. Kama siku ya kuacha ipo, ataisema daktari."

"Kwa hiyo si jiliwa?"

"Ni msumari. Umewahi kung'oa msumari kwa sababu kiti kimesimama vizuri?"

Mbishi wangu akatikisa kichwa: hajawahi. Mimi hofu na hasira zilikuwa zimenijaa. Nikamwambia palepale kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na mimi sitaki kuwa mjane.

Tangu hapo anameza kila siku, baada ya chakula, na glasi nzima ya maji. Kichefuchefu kikimsumbua anamwambia muuguzi, haachi dawa. Siku ya vipimo haikosi. Huu ni mwaka wa saba, na najivunia kila mwaka uliopita.

Juzi kliniki tulimkuta dada mmoja kwenye benchi, analia. Alikuwa ametoka kuambiwa ana saratani ya aina ileile. Mume wangu akaketi karibu naye.

"Dada, na mimi ninayo, mwaka wa saba sasa. Jana nimebeba mlango mzima begani."

Yule dada alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani. Akajifuta machozi.

"Hicho kidonge," akauliza, "unakimeza saa ngapi?"