Sikio la Balozi Farzun

Sikio-tafsiri lilikuwa dogo kama punje ya harage, na asubuhi ile lilikuwa likichapa kazi masikioni mwa mabalozi wote waliojaa Jumba la Mataifa, Arusha. Mtu akisema Kichina, jirani yake anasikia Kihausa, tena kwa sauti ileile ya msemaji, kikohozi chake kikiwemo. Mhandisi Namsifu Mshana, aliyelibuni, alikuwa nyuma ya kioo cha chumba cha mitambo, anakula sambusa ya tatu. Njaa hakuwa nayo. Wasiwasi wake siku zote huishia tumboni.

Aliyemtia wasiwasi ni Balozi Farzun wa Jamhuri ya Zerani. Kwa sheria ya nchi hiyo, kila mwanamume alivaa sikio lenye kichujio kinachofuta sauti za wanawake. Mke akisema, kimya. Daktari wa kike akionya, kimya. Na kichujio chenyewe, jamani, Namsifu alikitengeneza na rafiki yake Parinu kwa ajili ya mafundi wa viwandani, kiwaondolee kelele za mashine. Wakubwa wa Zerani walikichukua, wakaongeza aina moja ya kelele.

Parinu alikuwa binti wa balozi huyohuyo. Juzi alitoroka Zerani, na sasa aliketi kando ya Namsifu, akisubiri kujua kama bado ana baba.

Siku hiyo Zerani ilitaka kutia saini mkataba wa Ngazi ya Anga, ile lifti ndefu inayopandisha mizigo mpaka kwenye vituo vya angani. Mataifa mengine hayakutoa tamko la kusikitishwa. Yalishasikitishwa mara nyingi mno, na Zerani ilishazoea. Safari hii kila nchi ilileta wajumbe wanawake peke yao, basi. Tena jumba lile lina desturi yake: kikao hakifunguliwi mpaka kila ujumbe uitikie salamu ya mwenyekiti.

"Hamjambo, waheshimiwa?" alisema mwenyekiti, Balozi Echati wa Komoro.

"Hatujambo," ukumbi ukaitikia, isipokuwa kiti kimoja. Farzun alikuwa anapanga kalamu zake.

Echati akasalimu tena. Farzun akamtazama kwa tabasamu la mtu anayengoja kikao kianze.

"Zerani haijatuitikia," Echati alisema kwa upole. "Hatuna haraka. Leteni chai."

Chai ikaja, na vitumbua. Mabalozi wakapiga soga na kucheka, mjumbe wa Peru akaomba afundishwe kupika vitumbua. Farzun peke yake aliona midomo ikicheza pande zote asisikie hata neno. Jasho likaanza kumtoka. Alikuwa mtu wa adabu, amesoma Dodoma ujanani, Kiswahili anakijua, na sasa alihisi kwamba kuna jambo la aibu anatenda bila kulijua.

Namsifu angeweza kukizima kichujio kwa kidole kimoja. Lakini mataifa yalikubaliana kwamba mtu avue sikio lake mwenyewe. Akamfungulia Parinu mlango.

"Nenda, shoga yangu," alisema. "Mimi nakuona hapa."

Parinu alitembea mpaka kwenye kiti cha baba yake, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, baba."

Neno hilo Farzun alilijua hata kwa kulitazama mdomoni. Mkono ukapanda sikioni, ukashuka. Kwao, kulivua hadharani ni kufukuzwa kazi. Ukapanda tena. Punje ikaanguka mezani.

"Marahaba," alisema. "Sema kingine, mwanangu. Chochote."

Ukumbi ulishangilia. Namsifu alikuwa analia na kucheka, hajui aanze na kipi.

"Mama hukupigia simu kila Ijumaa," Parinu alisema.

"Najua. Huwa napokea. Nakaa na kile kimya kidogo, halafu nakata."

"Huwa unamkata katikati, baba. Anakuwa bado anakusimulia."

 Farzun akainuka, akamgeukia mwenyekiti bila kitu sikioni.

"Mheshimiwa, mkataba usubiri. Naomba simu."

Balozi Echati akamsogezea ya kwake.

"Ila leo usikate wewe," alisema. "Mwache amalize."