Jibu la Mama Mapasa

Siku ya kumi na mbili baada ya Yakubu kuzikwa, jina lake liliitwa.

Ilikuwa Alhamisi, mwaka 1938, siku ya kupima watoto wachanga hapa Kasongo. Odile, msaidizi wa watawa katika dispansari, aliita majina kwa kufuata fishi, yaani kadi za watoto, na fishi ya Yakubu hakuna aliyekuwa ameiondoa. Mwamvita alikuwa benchini, amempakata Nuru, pacha aliyebaki. Alipaswa kusema kwamba mtoto amekufa. Mdomo ukamtangulia kusema yupo:

"Iko."

Akafungua kitambaa kitupu alichokuwa bado anajifunga mgongoni, akakilaza juu ya mizani. Mshale ukapanda hadi gramu mia nne. Odile alikwisha kuandika ndipo akatazama ndani.

"Mama Mapasa," akanong'ona, kwa jina walilomwita tangu azae pacha, "humu hamuna mutu."

Kisha akampima Nuru: kilo nne.

Alhamisi ya pili kitambaa kilifika gramu mia nane. Nuru alikuwa na kilo tatu na gramu mia sita.

"Maziwa unapelekea nani?" Ernestine, mama mwenzake, alimtania kutoka mwisho wa benchi. "Uko na bwana mwingine?"

Wanawake wakacheka. Mwamvita hakucheka, kwa maana tangu Alhamisi ile ya kwanza, kila Nuru alipolala, mdomo mdogo, wa baridi, ulilishika titi lake la kushoto na kunyonya, na chumba kikajaa harufu ya udongo uliochimbuliwa.

Siku hiyo hiyo akamwendea Mwalimu Zuberi, mganga wa kitabu.

"Mwanangu, jini lilikuta pahali patupu, nawe ukaliambia iko, mbele ya watu. Jina likiitwa tena, mbele ya wale wale, sema haiko."

"Na kama ni yeye, Mwalimu?"

"Yeye hana njaa tena. Anayekonda ni Nuru."

Alhamisi ya tatu alikilaza kitambaa juu ya mizani, mshale ukapita kilo moja, Odile akaita "Yakubu" kama alivyoombwa, na Mwamvita akasikia harufu ya udongo ikimpanda kooni, akasikia ule mdomo wa baridi ukiliachia titi na kutulia, kama mtoto anayesikiliza mama yake atasema nini, akamtazama Nuru aliyebaki ngozi na macho, akalia, akasema:

"Haiko."

Mshale ukaanguka hadi sifuri. Harufu ikakatika.

"Alhamdulillahi," Ernestine akasema, bila mzaha.

Odile akaondoa kitambaa, akampokea Nuru kwa mikono miwili, akamlaza mahali pale pale.

Mshale haukutikisika.

Odile akaigonga mizani kwa kidole, mara mbili. Akamwinua mtoto, akamlaza tena. Sifuri. Nuru akamgeukia mama yake, akatabasamu, na pumzi yake ikanuka udongo.

"Mama Mapasa," Odile akauliza, "niandike ngapi?"

Mwamvita alimtazama yule aliyelala juu ya mizani. Kisha akamchukua, akaketi, akafungua kifua.

"Andika kilo nne," akasema.