Kishika Nafasi

Mashahidi wote wanakubaliana kuhusu haya: simu ilikuwa juu ya meza, hapakuwa na aliyeigusa, na joto la mchana lilipowalaza watu wa mji wa Asunción, simu hiyo ilitamka jina la Araceli. Wanabishana tu juu ya nani aliyelitamka.

Nidia Rotela, mama wa Araceli, alikuwa akitengeneza programu ya gari la shule, inayosoma kwa sauti majina ya watoto wanaopanda. Majina yalipangwa katika safu, yaani orodha, upande wa msimbo wake, maagizo aliyoyaandika mwenyewe, kisha yakanakiliwa, moja baada ya jingine, hadi katika safu ya simu yenyewe. Pande hizo hazina sheria moja: wa kwanza huvumilia nafasi tupu, wa pili hauikubali kamwe, pasipo na kitu sharti pawekwe kishika nafasi, yaani kitu kinachosimama badala ya hakuna. Mtoto mmoja alipohama shule, nafasi yake ilibaki tupu na programu ikawa inazimika. Nidia, kwa haraka, akaijaza kwa jina la bintiye.

Mwenzake wa kazini, Derlis, akamtania. "Dada, umemwekea mwanao kiti kwa watu usiowajua."

Kesho yake Nidia alilifuta jina hilo. Upande wake jina halikuwapo tena. Lakini kila safu iliporudi kutoka kwenye simu, Araceli alikuwamo, simu ikamtaja bila kuguswa, na nyuma ya jina ukafuata mluzi mwembamba, na chumba kikanuka asali na tumbaku. Derlis alisema ni nakala ya zamani iliyosalia kwenye kumbukumbu. Alisema kwa kunong'ona, macho mlangoni.

Nyumbani, wakati wa usingizi wa mchana, Nidia alimkuta binti amekwisha vaa viatu.

"Mama, yule mtoto wa nywele za dhahabu anasema kiti changu kiko tayari."

Ndipo alipomwita Ña Blásida, yaani Bi Blásida, muuza mitishamba. Bibi huyo alimweleza kwamba yule wa nywele za dhahabu ni jini wa mchana, mpenda asali na tumbaku, anayewaita watoto kwa mluzi na kuwaiba. "Jina umelitoa wewe, mwanangu. Litoe humo, umwachie kitu kisicho mtu."

Nidia akaandika kishika nafasi mahali pa jina kwa mkono mmoja, wa pili ukimkumbatia Araceli, huku moshi wa mitishamba ya bibi ukimfumba macho, na mluzi ukizunguka nyumba, ukaingia, ukapita chini ya meza, ukasimama karibu kabisa na sikio la mtoto, kisha ukakatika.

Safu ikarudi safi. Lakini Araceli alipoitwa, hakugeuka.

"Wewe nani, mjukuu wangu?" Ña Blásida akauliza polepole.

"Mimi? Nimeshika nafasi tu."

Derlis hushikilia kwamba watoto hurudia maneno ya wazazi wao, na hoja hiyo ina uzito. Nidia huapa kwamba hakuwahi kuyatamka nyumbani. Ña Blásida, kwa upande wake, hampi mtoto huyo mgongo. Ushahidi umeusikia wote, msikilizaji. Nani aliyelala leo kwenye kitanda cha Araceli, amua wewe.