Upande wa Kutoka

Asubuhi hiyo ya Machi, mwaka wa 1955, Nthiga alikunywa uji wa wimbi akiwa amesimama, akatia shoka lake begani, akashuka kuelekea mgodini. Jua lilikuwa limechomoza vizuri. Wanawake walikuwa wanakwenda mtoni wakisindikizwa na hom gadi wawili, walinzi wenyeji wa serikali, kama ilivyokuwa kawaida ya miaka ile ya Hali ya Hatari, na mwanamke mmoja akamtania Nthiga kwamba shoka lake limezeeka kuliko yeye. Nthiga alicheka. Miaka mingi baadaye, alipokuwa jirani yetu mtaani Majimbo, Embu, alisema kwamba hakumbuki kicheko kingine mwaka ule.

Mgodi ulikuwa kwenye kilima kikavu chini ya Embu, mahali nchi inapoanza kushuka kwenye joto la Tana. Kampuni ilikuwa na jina refu la Kizungu, lakini watu walipaita Irima, yaani shimo. Humo yalichimbwa makaa ya mawe. Kazi ya Nthiga ilikuwa kusimamisha nguzo. Unakata gogo, unalisimika chini ya dari ya mwamba, kisha unapigilia kabari mpaka libane. Nguzo ikikaza, mlima hutulia. Nguzo ikikosekana, mlima hushuka. Ni jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelielewa.

Lakini magogo hayakuwapo. Tangu Krismasi, lori la Warsame, Msomali wa Meru mjini aliyeibebea kampuni mizigo, lilipita Irima bila kusimama.

“Warsame, nguzo zangu ziko wapi?” Nthiga alimuuliza siku moja.

“Wariya, ndugu yangu, mimi ni gurudumu tu. Nikiambiwa zunguka, nazunguka. Magogo yote yanakwenda kujengea boma la hom gadi.”

“Na sisi tulio chini?”

“Nyinyi mna Mungu,” alisema Warsame, akatazama pembeni kwa aibu.

Basi Nthiga akawa anang'oa nguzo za nyuma ili asimamishe mbele. Kila alipong'oa moja, alijisikia kama mtu anayebomoa ukuta wa nyumba yake apate matofali ya jikoni. Katika miezi miwili mtu mmoja alipondwa mguu na gari la makaa lisilo na breki. Wawili waliungua uso pale hewa ya shimo iliposhika moto kutoka kwenye taa isiyofunikwa. Mara tatu Nthiga alikwenda kwa Mithika, nyapara aliyeshika daftari, akaeleza pole pole, kwa heshima, akionyesha kwa vidole. Mara tatu Mithika alimsikiliza mpaka mwisho.

“Umemaliza?” alimuuliza kila mara. “Haya, rudi kazini.”

Hilo daftari lilikuwa kubwa, na kila ukurasa ulikuwa na pande mbili. Mfanyakazi akiingia alitia kidole gumba kwenye wino wa zambarau, akapiga alama mbele ya jina lake upande wa kuingia. Akitoka alipiga alama upande wa kutoka. Lakini kafyu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, na foleni ya kutoka ilikuwa ndefu. Aliyekutwa njiani baada ya saa hizo alipigwa, na mwingine hakufika nyumbani kabisa. Nthiga mwenyewe ndiye aliyetoa wazo: kwa nini wasipige alama zote mbili asubuhi, ili jioni kila mtu akimbie kwake? Mithika alikubali, kwa kuwa na yeye alitaka kukimbia. Watu walimshukuru Nthiga sana.

“Leo umetuokoa, mucore,” Thuranira alimwambia, akimwita rafiki kwa Kimeru.

Thuranira alikuwa Mmeru wa Kibirichia, mkulima wa viazi, aliyekuja kwenye joto kutafuta kazi. Walifanya kazi pamoja, Nthiga akishika gogo, Thuranira akipigilia kabari. Alikuwa mtu wa mzaha. “Huku kwenu,” alikuwa akisema, “hata jiwe linatoka jasho.”

Asubuhi ile walikuwa chumba cha tatu. Saa nne hivi, dari ilianza kusema. Kwanza ilidondosha vumbi, kisha vijiwe. Kisha nguzo moja ikalia kama mtu anayeguna usingizini.

“Toka!” alinong'ona Nthiga. Chini ya mlima mtu hapigi kelele.

“Nakaza hii moja.”

“Thuranira. Toka.”

“Moja tu.”

Nthiga alipiga hatua sita. Ya saba hakuipiga kwa miguu yake. Upepo wa mwamba ulimrusha. Alipoinua kichwa, chumba cha tatu kilikuwa ukuta wa mawe. Taa ya Thuranira iliyokuwa imewaka nyuma yake haikuwapo tena, wala mahali ilipokuwa.

Meneja mzungu alikuja, akatazama yale mawe, akatazama saa yake. Akaamuru chumba kizibwe na kazi iendelee chumba cha nne.

“Bwana, kuna mtu ndani,” alisema Nthiga walipotoka nje.

Meneja alimgeukia Mithika. Mithika alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari.

“Thuranira. Ameingia. Ametoka.”

“Alipiga zote asubuhi! Sisi sote tulipiga asubuhi! Wewe mwenyewe ulimshikia kopo la wino!”

“Mimi?” Mithika alifunga daftari taratibu. “Watu hutoroka hapa kila mwezi, Nthiga. Wanapenda msitu.”

“Nitakula kiapo kwamba yumo ndani. Niiteni mbele ya wazee, nitakula.”

Hapo Mithika alicheka. “Kula! Kula sasa hivi, mbele ya askari. Wasemaje, afande? Huyu bwana anataka kiapo.”

Askari aliyesimama mlangoni mwa mgodi akainua macho. Nthiga akarudi nyuma hatua moja. Tangu enzi za mababu, jambo likikosa shahidi liliamuliwa kwa kiapo, na mwongo aliogopa. Lakini miaka ile wapiganaji wa msituni nao walikula kiapo, na neno lenyewe lilikuwa njia ya kizuizini. Ukweli ulikuwa umefungiwa mlango wake wa pekee.

Siku ya pili barua ilitoka. Thuranira wa Kibirichia ameingia msituni na magaidi. Mwisho wa mwezi nyumba yake ichomwe, na mkewe apelekwe kambini.

Mkewe, Ciakuthii, alikuwa akiishi kwa dada yake karibu na Githongo. Alimbembeleza chifu mpaka akapata pasi, akaja na lori la Warsame, amekaa juu ya magunia. Alimkuta Nthiga anakata kabari.

“Shemeji, niambie bila kunificha. Ameniacha?”

“Hajakuacha.” Nthiga alielekeza shoka kwenye kilima. “Yuko pale.”

Ciakuthii hakulia. Alikitazama kilima. “Basi mtoeni,” alisema. “Kichimbwe hata kwa vijiko. Nyumba nitajenga nyingine. Lakini watoto wangu wasiitwe wa mtu aliyekimbia.”

Asubuhi iliyofuata Nthiga alisimama kwenye foleni ya daftari. Jina la Thuranira lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Mbele yake, upande wa kuingia, palikuwa na alama ya kidole gumba.

Haikuwa ya zambarau. Ilikuwa nyeusi, ya vumbi la makaa. Na ilikuwa mbichi.

Upande wa kutoka palikuwa patupu.

“Mchezo wa nani huu?” Mithika aliuliza, akawatazama mmoja mmoja. Alichana ukurasa, akaandika majina upya, bila la Thuranira. Kesho yake jina halikuwapo, lakini alama ilikuwapo, pale pale, kwenye mstari wa kumi na moja uliokuwa wake. Alianza kulala na daftari chini ya mto wake. Alama ilikuja. Alilifungia kwenye sanduku la chuma, akaning'iniza ufunguo shingoni. Alama ilikuja. Siku ya sita, Mithika alikuwa akilifungua kwa ncha ya kalamu, kama anayefunua chungu chenye nyoka.

Nthiga alifurahi. Ndiyo, alifurahi, wala hakuona haya kusema hivyo uzeeni. Aliona kwamba rafiki yake ameleta ushahidi ambao hata mzungu ataukubali, kwa sababu uko kwenye karatasi.

Afisa wa usalama alikuja siku ya kumi na mbili. Alikuwa kijana wa Kizungu, mwekundu wa uso, mwenye kioo cha kukuza. Alilaza kipande cha Thuranira, kitambulisho chake kilichowekwa ofisini, kando ya daftari, akalinganisha alama ya pale na zile nyeusi, mistari kwa mistari, saa nzima. Kisha akainuka akitabasamu.

“Kidole yake kabisa,” alisema. “Basi yeye hai. Yeye najificha ndani ya shimo. Nani nalisha yeye?”

Asubuhi kumi na mbili mfululizo maiti alikuwa amejitaja, na haya ndiyo waliyoyasoma.

Walimchukua yeye, kwa kuwa ndiye aliyepiga kelele. Walimpiga kwa siku mbili. Alieleza juu ya nguzo, juu ya kafyu, juu ya alama mbili za asubuhi. Afisa alipiga miayo. Siku ya tatu, akiwa sakafuni, na damu imemjaa masikio, Nthiga alielewa jambo moja. Kwa ajili ya maiti hawatachimba hata jiwe moja. Kwa ajili ya gaidi watahamisha kilima.

Alijua adhabu ya kumlisha gaidi.

“Ni kweli, bwana,” alisema. “Yumo ndani. Nampelekea chakula. Ana bunduki.”

Kabla ya saa sita mchana lori la Warsame lilisimama mbele ya Irima. Lilikuwa limejaa magogo, mazuri, yaliyonyooka, yenye kimo kamili. Askari wanaingia, bwana afisa anaingia. Dari lazima ikae. Warsame alishuka, akamwona Nthiga amefungwa pingu.

“Nguzo zako, ndugu yangu,” alisema kwa sauti ya chini.

Walimfungua mikono asimamishe. Alisimika nguzo arobaini. Hajawahi kusimika vizuri hivyo. Askari walitoa mawe nyuma yake, bunduki zikiwa tayari. Siku mbili. Mchana wa pili hewa ilibadilika. Ikawa baridi. Kisha ikaja harufu.

“Hii si harufu ya mtu aliye hai,” alinong'ona askari mmoja.

“Nyamaza.”

“Afande, mimi sitaki—”

“Nyamaza!”

Jiwe la mwisho liliondolewa. Walisubiri risasi. Hakuna kilichosogea.

Thuranira alikuwa amelala kifudifudi, nyundo ya kabari kando yake. Jabali lilikuwa limemkalia kuanzia kifuani. Daktari wa kampuni alishuka na leso puani. Alisema amekufa papo hapo, siku ya kwanza. Siku kumi na saba zilikuwa zimepita.

Afisa aliinama na taa. Alitafuta mkono wa kulia. Ulikuwa chini ya jabali, mpaka begani. Ilibidi watu sita kulisukuma kwa mitaimbo. Chini yake hapakuwa na mkono wa kupiga alama yoyote. Palikuwa na unga.

Walimfunika blanketi, wakampandisha juani.

Ciakuthii alikuwa amesimama pale nje. Alifunua blanketi, akamtambua kwa mshono wa shati aliomshonea mwenyewe. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya bunduki zote, na hakuna askari aliyemkataza.

“Andika amekufa,” afisa alimwambia Mithika. “Kazini. Nyumba ya mwanamke yake, wacha.”

Mithika hakusogea. Afisa mwenyewe akachukua ufunguo, akafungua sanduku, akaweka daftari juu ya meza, kwenye mwanga. Nthiga alikuwa hatua mbili nyuma yake, na pingu zimerudi mikononi. Aliona kila kitu.

Mstari wa kumi na moja ulikuwa safi. Hapakuwa na alama.

Lakini chini ya jina la mwisho, kwenye mistari mitupu isiyoandikwa mtu, zilikuwapo. Moja. Tatu. Saba. Afisa alifunua ukurasa, zikaendelea upande wa pili. Vidole gumba vyeusi, vinene na vyembamba, kimoja kimekatwa ncha, kimoja kina kovu katikati. Vyote vibichi. Vyote upande wa kuingia.

Afisa alizihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akahesabu tena.

“Hawa nani?” aliuliza.

Mithika alifungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo. “Walitoroka, bwana. Wale wa mwaka jana. Walitoroka wote.”

Nje, askari walikuwa wameanza kung'oa zile nguzo arobaini na kuzipakia kwenye lori, kwa sababu boma halijaisha kujengwa. Nthiga alisikia ya kwanza ikiburutwa. Alitaka kupiga kelele kwamba wengine bado wamo ndani. Alimtazama afisa, na afisa alikuwa amelitazama tu daftari, kidole chake kimesimama hewani juu ya karatasi, akiogopa kuigusa.

Upande wa kutoka ulikuwa mweupe, mstari baada ya mstari, mpaka chini.