Nilisahihisha Barua Iliyobomoa Sinema ya Baba

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, mjane, mama wa watoto watatu. Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Mbinga mjini. Nataja somo langu mapema kwa sababu hapo ndipo aibu yangu ilipo. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika sijawahi kumweleza mtu yote kwa mpangilio, hata padri.

Nilizaliwa nyuma ya sinema. Simaanishi jirani na sinema... namaanisha nyuma yake hasa, katika vyumba viwili vilivyopakana na ule ukuta mweupe ambao picha zilionyeshwa juu yake. Ukumbi ulijengwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye asili ya Kilwa, na baba yangu, Mzee Alanus, alikuwa mwendesha mashine wake. Yule tajiri aliporudi kwao pwani alimuuzia baba ukumbi, mashine na vyumba vyote. Baba yangu, Mmatengo mkulima wa kahawa, akawa mwenye sinema!

Jumapili baada ya misa watu walikuja kutoka Kitura, Ukata na Mpepai, bado wamevaa nguo zao za kanisani. Mkanda ukikatika walipiga miluzi, na baba aliuunga kwa gundi huku akiwarudishia utani kupitia kidirisha cha chumba cha mashine. Mama alikuwa mlangoni akikata tiketi. Mimi nilimbeba mdogo wangu Gaudensi mgongoni, nikimbembeleza mpaka alale, kisha namlaza kwenye benchi la nyuma kabisa. Mtoto yule nilimlea kama wangu.

Vibanda vya video vilipokuja, sinema ilikufa. Ukumbi ukawa ghala la mahindi, ukawa mahali pa mazoezi ya kwaya, mwisho ukafungwa. Baba alipofariki alimwachia mama, na mama alikataa katakata kuhama. Kila Jumamosi alifungua milango, akafagia ukumbi mzima, akafuta mabenchi ambayo hakuna aliyeyakalia. Majirani walidhani ameanza kuchanganyikiwa. Mimi nilijua anamtunzia mumewe kazi yake.

Mwaka juzi Gaudensi alipanda kutoka Mbamba Bay, ambako anafanya biashara ya samaki, akaja na maneno matamu. Alisema haifai ukumbi uoze. Amepata mwenzake wa biashara, mtu wa kuaminika, na wako tayari kuurudisha kazini. Kutakuwa na filamu, mashindano ya ngoma ya mganda, maigizo ya shule, hata sherehe za harusi. Mashine ya baba itawekwa pale mlangoni ili watoto waione. Jamani, nililia kwa furaha! Nilianza kuwaambia wanafunzi wangu kwamba michezo yao ya kuigiza itapata jukwaa la kweli.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba jambo moja tu. Alitaka tukae sengu. Kwa msomaji asiyejua, sengu ni kikao chetu sisi Wamatengo: ukoo unakusanyika, unakula pamoja, na neno linasemwa mbele ya wote. Ukishakula pale ukasema uongo, huna pa kuuficha uso wako.

Nilimcheka mama. Mimi, msomi wa nyumba! Nilimwambia sengu ilikuwa ya watu wasiojua kuandika, siku hizi kila jambo ni maandishi. Gaudensi aliitikia haraka mno.

"Dada amesema kweli, mama. Tuandike."

Leo najua kwa nini aliharakisha. Mdogo wangu aliweza kudanganya kwenye karatasi, lakini mbele ya wajomba, tonge la ugali mkononi, asingeweza.

Wiki iliyofuata aliniletea rasimu ya barua. "Dada, nisahihishie," akasema. "Wewe ndiye mwalimu, mimi nitatutia aibu."

Nilikaa kitako na kalamu yangu nyekundu. Nilirekebisha koma, nikaunganisha maneno aliyoyatenganisha, nikamtania kuhusu upatanisho wa sarufi. Katikati ya barua palikuwa na sentensi inayosema kwamba mwenye mali anaridhia kuendelezwa kwa kiwanja chenye jengo la zamani la sinema. Niliisoma, nikaiona haina kosa, nikapita. Kuendeleza... Kwangu mimi maana yake ilikuwa kuendelea na kilichokwisha kuanzwa. Baba ameishia hapa, sisi tunashikia hapa. Nilimpa hata maksi kwa utani, themanini kwa mia.

Mama hajui kusoma. Aliishika ile karatasi akauliza inasema nini. Nikamjibu kwamba inasema wataendeleza sinema ya baba. Aliigeuza karatasi upande wa pili.

"Umesoma yote, Otilia?"

"Yote, mama."

Akanipa kidole gumba chake. Mimi mwenyewe nilikigandamiza kwenye wino, mimi mwenyewe nikakiweka kwenye karatasi.

Gaudensi akashauri mama akakae kwake Mbamba Bay wakati mafundi wakiwa kazini. Vumbi lingemsumbua kifua, na huko chini kuna joto, magoti yake yangepumzika kutokana na baridi ya Mbinga. Niliona mdogo wangu ana huruma. Nilimfungia mama mizigo, nikamsindikiza mpaka ziwani. Njiani alizungumzia vyumba vyake tu, akisema wakivipaka chokaa wasiiguse ile rafu aliyoitengeneza baba.

Baada ya hapo nilikwenda Songea kwenye semina ya walimu ya wiki mbili. Niliporudi, mwalimu mwenzangu alinipokea getini pale shuleni na kuniambia pole. Nilimuuliza pole ya nini. Akanyoosha kidole upande wa sinema. Niliacha mkoba wangu mikononi mwake nikaenda mbio, mwanamke mzima, katikati ya mji.

Paa halikuwepo. Ukuta wa mbele ulikuwa chini. Ule ukuta mweupe ulikuwa bado umesimama peke yake, na nyuma yake, pale nilipozaliwa, palikuwa na rundo la matofali na ile rafu imevunjika vipande viwili. Mabenchi yalikuwa yamepasuliwa kuni.

Nilipiga kelele, nikawaamuru mafundi waache. Msimamizi wao, mtu mzima mwenye adabu, alinipa shikamoo, akanionyesha nakala ya barua. Nilimwambia barua inasema kuendeleza, siyo kubomoa! Akanijibu kwa upole.

"Mama, kiwanja chenye jengo bovu kikiendelezwa, la zamani linatoka, jipya linaingia. Sisi kwenye ujenzi ndivyo tunavyolielewa. Hapa zinakuja fremu za maduka."

Barua ile ilikuwa na koma zangu zote mahali pake.

Nilimpigia Gaudensi simu. Sikumtukana. Nilimuuliza tu kama alijua maana ya neno lile alipoliandika. Akasema, "Dada, si ulisoma mwenyewe? Ukasahihisha." Akakata. Je, mngekuwa ninyi mngemjibu nini? Kila nilikokwenda kulalamika niliambiwa karatasi iko sawa, na kidole cha mama ni cha mama.

Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Nilishuka Mbamba Bay. Nilimkuta mama ufukweni na wanawake wengine, wakianika usipa, dagaa wa ziwani, juu ya chanja. Aliponiona alifurahi, akauliza mafundi wamefika wapi. Nilipiga magoti pale mchangani nikamweleza yote. Nilimlaani Gaudensi, nikasema ametuuza, nikasema nilimbeba mgongoni na haya ndiyo malipo.

Mama aliendelea kutandaza usipa. Kisha akasema kwa Kimatengo, kwa sauti ndogo, "Gaudensi nilikuwa namjua. Ndiyo maana nilitaka sengu. Wewe ndiye niliyekuamini."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia.

Sasa mama anaishi kwangu. Gaudensi ana fremu mbili katika lile jengo jipya, nami nikipita huvuka upande wa pili wa barabara. Nilikuwa na hasira naye kwa miezi mingi, na bado ninayo. Lakini yeye alinisaliti mimi mara moja. Mimi nilimsaliti mama kwa kiburi changu, nikijiona najua kusoma.

Nawasihi, ndugu zangu mliosoma. Mzee wenu akiomba kikao, kaeni kikao. Ukikabidhiwa karatasi ya mali yake, usiisome kama mwalimu anayetafuta makosa ya koma. Muulize aliyeiandika kila neno atalifanyia nini, na mwambie aseme mbele ya watu.

Juzi mama aliletewa barua ya jumuiya ya kanisani. Nilinyoosha mkono kuipokea nimsomee, kama nilivyozoea tangu utoto. Akaivuta, akaikunja ndani ya kanga yake, akavuka uwanja kwenda kwa jirani yetu mshona nguo, aliyeishia darasa la saba, ili yeye ndiye amsomee.