Dawa Isiyotajwa

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Yasinta alimchemshia Baba mizizi. Aliichochea mpaka maji yakawa mekundu kama chai ya rangi, kisha akayachuja kwenye chupa. Mganga aliyeitoa aliweka mwiko mmoja: dawa isitajwe mbele ya mtu asiye wa nyumba ile. Ikitajwa inakufa, na mgonjwa anaifuata. Pale kijijini Lupaso hakuna aliyechezea maneno kama hayo.

Basi hata Baba alipolazwa hospitali kubwa, chupa ilikuwa ndani ya mkoba wa Yasinta.

"Baba Yasinta, saratani imeshika upande mmoja tu wa ini," alisema Daktari Mwanaisha. "Kesho tutaukata upande huo. Ini linalobaki likiwa zima, hukua tena. Lakini ini limejaa damu, na zipo dawa za mitishamba zinazozuia damu kuganda. Umekunywa yoyote?"

"Hapana," alijibu Baba. Mama aliinamisha macho.

Yasinta aliushika mkoba wake. Asubuhi ile Baba alipopiga mswaki, fizi zilimtoka damu, na haikukoma upesi. Akinyamaza, kesho Baba atavuja damu hadi kufa. Akisema, dawa itakufa, na Baba ataifuata. Kote kifo! Alimtazama Baba, mifupa mitupu chini ya shuka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akaitoa chupa. "Shikamoo, Daktari," alimwamkia mara ya pili kwa woga. "Anakunywa hii."

"Yasinta!" Baba alilia. "Umeniua, mwanangu!"

Vipimo vilionyesha kweli damu yake inachelewa kuganda. Upasuaji ukaahirishwa mpaka dawa imtoke mwilini. Siku zile za kusubiri zilikuwa chungu kuliko mizizi yenyewe. Baba hakumsemesha. Kila alipokuja wodini, Yasinta alitazama kwanza kama kifua cha Baba kinapanda na kushuka. Alilia mpaka machozi yakamkauka, maana aliamini kabisa kwamba amemuua.

Damu ilipokuwa salama, Baba aliingizwa chumba cha upasuaji. Daktari Mwanaisha alitoka jioni, amechoka.

"Tumeuondoa uvimbe wote," alisema. "Atakuja kupimwa mara kwa mara, kwa sababu ugonjwa huu huweza kurudi. Lakini tungempasua dawa ile ikiwa mwilini, tungempoteza."

Baba alipozinduka, aliutafuta mkono wa binti yake.

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha dawa, nikakaribia kuumbuka vilevile. Daktari akikuuliza, mweleze yote, hata lile ulilokatazwa kulitaja." Akaubana mkono ule. "Tukirudi nyumbani, moto wako wa alfajiri uwashe kama kawaida. Ila unichemshie uji."